Gari Lisilo na Paa

Wengi wenu mmepata kusikia habari za Unguja: karafuu zake, minazi yake, na mji wake wa mawe. Mimi nilikwenda huko mwezi wa Novemba, wakati wa mvua za vuli. Sikwenda kwa matembezi, nilikwenda kwa shauri la fedha. Nimeuona mji, nimeliona na shamba. Lakini kila nilikopita nilikuwa na swali moja kichwani: je, tununue au tusinunue?

Mambo yalianza hivi. Mdogo wangu ni seremala. Huu ni mwaka wake wa nane Unguja, akitengeneza milango na vitanda katika karakana moja huko Ng'ambo. Usiku mmoja alinipigia simu kijijini kwetu, upande wa Matombo, sauti yake imejaa furaha.

"Kaka, nimeona gari."

"Gari gani?"

"Morris ya zamani, ya mwaka 1959. Haina paa la bati. Paa lake ni turubai la kukunja. Ukilikunja, unakaa juani kama mfalme. Watalii wakiiona husimama kuipiga picha. Maharusi wataigombania."

Bei yake ilikuwa shilingi milioni tisa. Yeye alikuwa na milioni tano, akiba ya miaka yote minane. Milioni nne zilizopungua alizitaka kwetu. Nasi tulikuwa nazo, maana ndugu watatu tulikuwa tumeweka pamoja fedha za karafuu na pilipili manga. Lakini fedha hizo zilikuwa na kazi yake. Nyumba ya mama yetu imeezekwa kwa nyasi zilizochakaa, na masika iliyopita ukuta wa chumba cha nyuma, wanamolala wajukuu, uliloa hata ukaanguka. Kwa neema ya Mungu ilikuwa mchana, na watoto walikuwa nje. Tulikuwa tumeahidi kwamba masika nyingine haitaikuta nyumba ile bila bati.

Nilimweleza mama. Nilidhani atakataa mara moja, lakini hakukataa. Alisema, "Mwanangu yule hajapata kuniomba kitu tangu aondoke. Nenda ukalione gari lenyewe. Simu haina macho."

Basi nikaenda.

MJI USIO NA NJIA YA GARI

Boti za mwendo wa kasi hutoka Dar es Salaam na kufika bandari ya Malindi kwa muda wa saa mbili hivi. Mji unapoanza kuonekana, waona kwanza nyumba nyeupe zilizosongamana ufukoni, na nyuma yake minara ya misikiti na ya makanisa. Kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa katika miaka ya 1890, lina minara miwili, na ndiyo sababu wenyeji hupaita mahali pale Minara Miwili. Jumapili nilisali hapo, nikafurahi kusikia Kiswahili kitamu cha Kiunguja katika nyimbo ninazozijua tangu utoto.

Mdogo wangu alinipokea bandarini, akanipitisha katikati ya Mji Mkongwe. Msomaji, kama hujafika, ni vigumu kuamini. Njia nyingi ni vichochoro tu; watu wawili wakikutana na hamali mwenye mkokoteni, sharti mmoja ajibanze mlangoni. Hupita watu, baiskeli na vespa. Gari halina nafasi. Nyumba ni ndefu kwenda juu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zashikiliwa na boriti za mikoko. Milango imenakshiwa kwa mkono hata wasimama kuitazama. Mwaka 2000 mji huu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Nikamwuliza mdogo wangu, "Gari lako litapita wapi humu?"

Akacheka. "Litasimama Forodhani na Darajani, kaka. Bwana harusi atatoka kichochoroni kwa miguu, atalikuta barabarani linamngoja."

Tulifika mbele ya bahari, kwenye Beit el Ajaib, jumba la ajabu alilojenga Sultani Barghash na kumalizika mwaka 1883. Nilikuwa nimeliona katika picha tangu nikiwa shule. Lakini tarehe 25 Desemba mwaka 2020, lilipokuwa likifanyiwa matengenezo, upande wake mmoja uliporomoka, na watu wakafa chini ya kifusi. Nilisimama kimya. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni mbao, alinieleza jambo ambalo sikulijua.

"Nyumba hizi hufa kuanzia juu," alisema. "Watu hutazama ukuta, hutazama mlango wenye nakshi, wakasema nyumba nzima. Lakini paa likivuja, maji huingia ndani ya ukuta, chokaa hulainika, na vichwa vya boriti huoza ndani ya jiwe, mahali pasipoonekana. Siku ikianguka watu hushangaa, kumbe ilianza kuanguka miaka ishirini nyuma."

Nikayaweka maneno yake moyoni. Hatukujua, yeye wala mimi, kwamba tutayahitaji siku ya pili yake.

KWA MZEE WA BUBUBU

Alasiri ya Jumapili tulipanda daladala kwenda Bububu, upande wa kaskazini. Barabara yafuata pwani, yapita magofu ya Maruhubi na ya Mtoni, majumba ya masultani wa zamani. Njia hii ina historia yake katika mambo ya usafiri. Mwaka 1905 palikuwa na reli hapa, maili saba kutoka mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Watu waliipanda kwa furaha, lakini katika miaka ya 1920 motokaa zilizidi kuwa nyingi, na reli ikafa. Kila chombo kina zamani zake.

Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu, baharia wa zamani. Alitukaribisha barazani, akatuletea kahawa na haluwa, akauliza habari za safari, za wazazi na za mvua za kwetu, kabla ya kugusia biashara. Alilinunua gari lile mwaka 1971 kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Alilitumia kumpeleka mkewe hospitali kujifungua watoto wote watano. Sasa mkewe amefariki, watoto wako mbali, naye macho yake hayaoni vizuri.

Kisha akafungua banda la makuti.

Sitawaficha, wasomaji wapenzi: lilikuwa zuri. Rangi yake ya kijani kibichi, taa zake za mviringo kama macho ya mtoto aliyeshtuka, viti vyake vyekundu. Mzee alitukunjia turubai, akampa mdogo wangu ufunguo, tukatoka watatu kwenda Mangapwani.

Njia ile ilipita katikati ya minazi na miembe, na upepo ulitujia usoni umebeba harufu ya karafuu zilizoanikwa juu ya mikeka. Watoto walikimbia nyuma yetu wakipiga kelele. Wanawake waliotoka kisimani walitupungia mikono. Mtu aliyezoea kusafiri kwa kubanwa ndani ya basi, akiketi juu ya kiti kile na kuona mbingu yote juu yake, hujiona amekuwa mtu mwingine. Nilimtazama mdogo wangu akiendesha. Sijamwona na uso ule tangu tukiwa watoto. Moyoni mwangu nikasema: mpe hizo milioni nne.

Huko Mangapwani kuna chumba kilichochimbwa ndani ya jiwe, ambamo watumwa walifichwa baada ya soko la mjini kufungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Tulishuka ngazi zake, tukatoka bila kusema neno. Tulipolirudia gari, mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika.

Mvua ya vuli haipigi hodi. Ilitukuta njiani, tukahangaika watu watatu kulivuta lile turubai. Lilikuwa limechanika mahali pawili, na maji yakaingia mapajani mwetu. Kisha gurudumu likaingia katika shimo, gari likatikisika, na tangu hapo mlango wa upande wangu ukakataa kufunguka. Tulipofika nyumbani kwa mzee nilitoka kwa kupitia mlango wa dereva.

"Ni bawaba tu," mdogo wangu alisema. "Nitaurekebisha."

Mzee alitikisa kichwa. "Wanangu, msinilipe leo. Leteni fundi wenu atazame. Mimi naijua bahari. Mambo ya chini ya gari siyajui."

CHINI YA GARI

Fundi tuliyempata alikuwa mzee wa Jang'ombe, ambaye amezitengeneza Morris tangu ujana wake. Alikuja asubuhi na vitu vichache tu: jeki, bisibisi, sumaku iliyofungwa katika kitambaa, na gunia la kulalia.

Kabla ya kuingia chini alitueleza habari za gari lenyewe, kama mwalimu darasani. Morris Minor ilibuniwa na mhandisi Alec Issigonis, na ilitoka kiwandani Uingereza mara ya kwanza mwaka 1948. Mhandisi huyo alipokwisha kutengeneza gari la mfano aliliona ni jembamba mno. Akaamuru likatwe katikati kwa urefu, nusu mbili zikaachanishwa inchi nne, na ndiyo sababu boneti yake ina ukanda katikati. Ilipendwa sana, ndilo gari la kwanza la Kiingereza kuvuka hesabu ya milioni moja. Yale ya turubai yalitengenezwa hadi mwaka 1969.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Lori lina chesisi yake, miti miwili mirefu ya chuma, na bodi imekaa juu. Gari hii haina. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ile yenye paa la bati husaidiwa na paa lake. Hii isiyo na paa, nguvu yake yote iko hapa chini." Akagusa ile boriti ya bati iliyo chini ya mlango. "Hapa pakioza, gari hukunjika katikati kama daftari."

Alipitisha sumaku polepole juu ya boriti ile. Mahali pengine ilishika. Mahali pengine ilianguka, kwa kuwa chini ya rangi hapakuwa na chuma, palikuwa na puti. Akalala juu ya gunia, akachoma kwa bisibisi. Tulisikia sauti kama ya mtu anayechoma biskuti. Vipande vya kutu vikaanguka juu ya gunia.

"Hewa ya chumvi," alisema kutoka chini. "Miaka sitini na zaidi ya hewa ya bahari."

Kisha akapiga jeki upande mmoja, akatuita tuutazame mlango. Kadiri gari lilivyoinuka, ndivyo nafasi kati ya mlango na bodi ilivyozidi kubana, hata mlango ukakamatwa kabisa.

Mdogo wangu alisema tena neno lile la bawaba. Fundi akatoka chini, akajifuta mikono, akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, nimesikia wewe seremala. Mtu akikuita, mlango wake wasugua sakafu. Waanza kuranda mlango, au watazama fremu kwanza?"

Mdogo wangu hakujibu. Alitazama ule mlango muda mrefu. Nilijua anakumbuka maneno yake mwenyewe mbele ya Beit el Ajaib. Macho yake ya useremala, yanayoona boriti iliyooza ndani ya ukuta, yalikuwa yamefumbwa na rangi ya kijani na viti vyekundu.

HESABU

Fundi hakutuambia tununue wala tusinunue. Alitupa hesabu tu. Injini yenyewe ni nzima, alisema, ila ilizoea petroli yenye risasi, ambayo nchi zetu ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006; kwa hiyo siku moja vikalio vya valvu vitahitaji kubadilishwa. Viungo vya magurudumu ya mbele vyataka grisi mara kwa mara. Vikikaushwa, gurudumu laweza kuchomoka na kulala gari likiwa mwendoni. Boriti za chini na sakafu sharti zikatwe na kuchomelewa upya, na kabla ya kukata yapasa bodi ifungwe vyuma ili isipinde. Turubai jipya. Breki. Vipuri vingali vikitengenezwa Uingereza, lakini sharti viagizwe na kulipiwa nauli na ushuru. Kwa makadirio yake jumla ilikuwa shilingi milioni sita, kama hapatatokea jingine.

Jioni ile tuliketi chumbani kwa mdogo wangu tukaandika. Gari, milioni tisa. Matengenezo, milioni sita. Tena kuchukua abiria na watalii kwa malipo kwataka leseni yake na bima yake. Kisha tukaandika mapato. Yeye alikuwa amehesabu harusi mbili kila wiki, mwaka mzima. Tukamwendea dereva mmoja jirani yake aliyewahi kuwa na gari la maharusi, naye akatuambia kweli: mwezi wa Ramadhani hakuna harusi, masika nzima gari la wazi halitoki, na watalii wenyewe huwa wachache, mwezi mwingine hupata shughuli tatu, mwezi mwingine hapati hata moja.

Tulipomrudia mzee kumweleza, alisikitika. Akatupunguzia hadi milioni saba. Huo ndio uliokuwa mtihani mgumu kuliko yote, maana bei ikishuka mtu husahau kwamba gharama haikushuka. Mdogo wangu aliomba usiku mmoja wa kufikiri.

Sikumwambia neno. Mimi ni mkubwa wake, ningeweza kuamuru. Lakini milioni tano zilikuwa jasho lake, na ndoto ilikuwa yake. Usiku wa manane nilimsikia hajalala. Mwishowe akasema gizani:

"Kaka."

"Naam."

"Mama yuko chini ya nyasi zinazovuja, nami nakuomba fedha zake nikanunue gari lisilo na paa."

Tulicheka wote wawili, lakini sauti yake haikuwa ya kicheko tu.

Asubuhi alikwenda mwenyewe Bububu kumwambia mzee. Mzee alimshika mkono, akamwambia, "Afadhali neno la hapana leo, mwanangu, kuliko ndiyo ya kujuta kesho." Wakaagana kwa heshima, na hata leo hutembeleana.

YALIYOFUATA

Wakati wa Krismasi mdogo wangu alikuja kijijini na sanduku la vyombo vyake. Alipiga kenchi za paa la mama kwa mkono wake, nasi ndugu tukapigilia bati. Kwa kuwa fundi alikuwa wa nyumbani, fedha zilibaki, tukajenga upya ukuta ulioanguka. Masika ilipokuja mama alinipigia simu usiku, mvua inanguruma juu ya bati hata nisisikie maneno. Alitaka tu nisikie kelele ile.

Na lile gari? Lilinunuliwa na kijana mmoja mchomeleaji, mwenye karakana yake mwenyewe huko Mtoni. Amelikata boriti zote mbovu, ameweka mpya kwa mkono wake, jioni baada ya kazi, pole pole, bila kumlipa mtu. Kwake yeye lilikuwa jambo la busara. Kwetu sisi lingekuwa hasara. Gari ni lile lile. Wanunuzi ndio mbalimbali.

Ndugu wasomaji, wachache kati yenu mtauziwa Morris ya turubai. Lakini wengi mtauziwa pikipiki iliyotumika, mashine ya kusaga, au lori kuukuu. Basi yafaa kukumbuka haya. Kitazame mchana, si usiku wala wakati wa mvua. Chukua fundi wako, si fundi wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi mbele yako. Linganisha namba za chombo na zile za kadi, na jina la kadi na jina la muuzaji. Tazama chini kabla ya kutazama juu. Andika gharama za kukitengeneza kando ya bei, na mapato uyahesabu kwa miezi mibaya. Usilipe siku ile ile, lala kwanza. Na kabla ya yote ujiulize fedha hizo zilikuwa za kazi gani kabla hujakiona chombo kile.

Mdogo wangu angali akiweka akiba. Nilipomwuliza juzi anataka kununua nini, alijibu kwamba anataka msumeno wa umeme wa karakana yake. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini kaka, ile safari ya Mangapwani ilikuwa nzuri."

Nami nilikubali. Ilikuwa nzuri kweli.